Uzushi na Jina la Mwanamke: Kutoka Kaniki ya Siti Hata Mitandao ya Kijamii

Yasemwa siku hizi, barazani na katika vyumba vya mihadhara, kwamba uzushi ni maradhi mapya yaliyoletwa na simu za mkononi. Facebook ilianzishwa mwaka 2004. Twitter, ambayo tangu 2023 yaitwa X, mwaka 2006. Na WhatsApp mwaka 2009. Na kwa kuwa maneno mabaya juu ya watu, hasa juu ya wanawake, yameenea mno katika miaka hiyo, wengi wamehesabu kuwa chombo ndicho kilichozaa neno. Hesabu hiyo yafaa kutazamwa tena. Fasihi ya Kiswahili inacho kisa kilichotokea kabla ya mitambo hiyo yote, nacho chaweza kufundisha jambo ambalo mabishano ya leo juu ya uzushi na uhuru wa kusema hulipita bila kuliona. Ni kisa cha Siti binti Saad wa Unguja.

Habari za maisha yake zajulikana zaidi kwa sababu Shaaban Robert alizikusanya katika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotokea kwanza mwaka 1958, miaka minane baada ya kufa kwake mwimbaji huyo. Siti alizaliwa Fumba katika nyumba ya umaskini, na asili ya watu wake ilikuwa ya utumwa. Alipata kuuza vyungu kabla ya kuuza nyimbo. Hakujua kusoma wala kuandika. Walakini mwaka 1928 yeye na wenziwe walivuka bahari mpaka Bombay, na sauti yake ikawa miongoni mwa sauti za kwanza za Kiswahili kuingizwa katika sahani za santuri. Mtu aliyekuwa akipita mitaani na vyungu kichwani akawa anasikiwa katika nyumba za watu asiowajua, Mombasa, Lamu, Dar es Salaam na kwingineko.

Kupanda huko hakukuwapendeza wote. Waliomhusudu walimtungia kejeli ambayo hata leo hukumbukwa. Walimkumbusha nguo ya kimaskini aliyoingia nayo mjini, wakamwambia kuwa pasipo koo lake asingekuwa na riziki. Kejeli hiyo yastahili kusomwa kama lisomwavyo shairi lolote, yaani kwa kuuliza imesema nini na imeacha kusema nini. Haikusema kuwa Siti aimba vibaya. Kinyume chake, ilikiri kuwa sauti anayo, kisha ikaigeuza sauti hiyo kuwa aibu, kana kwamba mtu aliye na kipawa ameiba kitu. Haikubisha neno hata moja katika nyimbo zake. Iliuacha wimbo ukapita, ikamshika mwimbaji kwa nguo.

Na kuna jambo jingine, ambalo ni kubwa kuliko hilo. Kejeli ya kaniki haikuwa uongo. Siti alitoka shamba, alikuwa maskini, kaniki ilikuwa vazi la watumwa na la mafukara, na hapana aliyeweza kuapa kuwa hakupata kuivaa. Hakimu ambaye angepewa kesi hiyo aipime kwa mizani ya kweli na uongo angewaachilia watunzi wake bila kukawia. Hata hivyo kila msikilizaji wa mji ule alifahamu kuwa dhuluma imetendeka. Wanaojadili mitandao ya kijamii kwa kutaja habari za uongo peke yake wangefanya vema kuanzia hapa, maana sehemu kubwa ya yale yanayomwondoa mwanamke katika mazungumzo ya watu hayana haja ya kuwa uongo. Hutosha yawe nje ya hoja.

Siti alijibu. Wimbo wake wa kujibu uliweka kando uzuri wa uso na utukufu wa nasaba, ukaifanya akili kuwa ndiyo kipimo cha mtu. Ustadi wake u katika kile alichokataa kukifanya. Hakuikana kaniki, wala hakujitafutia ukoo, wala hakudai kuwa yeye ni mzuri wa sura kuliko waliomcheka. Angalifanya hivyo angalikuwa amekubali kuwa suali lao ni suali halali. Yeye alilibadili suali. Watukanaji walikuja kupima nguo. Wakaondoka wakipimwa akili.

Hapa Shaaban Robert, kwa heshima yote anayostahili, hakumfikia mwanamke aliyemwandika. Kitabu chake ni utetezi, na utetezi huo hutegemea sana sifa za tabia: subira ya Siti, juhudi yake, unyenyekevu wake, ushindi wa mtu duni juu ya unyonge wake. Sifa hizo zaweza kuwa za kweli zote. Lakini mwenye kumtetea mwanamke kwa kuthibitisha kuwa ni mwema ameshakubali kwamba wema wake ulikuwa katika mashitaka. Mwimbaji wa kiume aliyelumbana na wenziwe zama hizo hakuhitaji mwandishi wa kuwahakikishia watu kuwa ana tabia njema. Ilitosha kuwa mashairi yake yana vina na mizani. Wasifu ni kitabu kizuri, na pasipo chenyewe wengi wasingemjua Siti ila kwa jina. Udhaifu wake ni udhaifu ule ule unaoonekana leo kila mwanamke atukanwapo mtandaoni: watetezi wake hukimbilia kusema kuwa yeye ni mke wa mtu, ni mama, ni mcha Mungu. Kwa hiyo yule ambaye si mke wa mtu hubaki bila mtetezi.

Lugha yenyewe imesaidia kuliweka jambo hili mahali pake. Wanaume wakikaa barazani, husemwa kuwa wanazungumza. Wanawake wakikaa kisimani, husemwa kuwa wanasengenya. Neno umbea laweza kumwangukia mtu yeyote, lakini aghalabu humwangukia mwanamke, ilhali mwanamume mwenye habari za nyumba za watu huitwa mjuzi wa mambo ya mji. Hata Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, unaomfunza binti awe na ulimi wa adabu, hutajwa mara nyingi na wale wapendao mwanamke anyamaze. Wao husahau kuwa aliyetunga utendi huo ni mwanamke, na kuwa asingetunga lau angelifuata wanavyotaka wao.

Basi kabla ya kuja mtandao hali ilikuwa hiyo, na siasa nayo haikuwa mbali na hali hiyo. Wangari Maathai alipopinga, mwaka 1989, kujengwa kwa jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park mjini Nairobi, hoja yake ilikuwa juu ya bustani, fedha na haki ya wananchi. Jawabu alilopewa Bungeni lilikuwa juu ya talaka yake. Rais Moi mwenyewe alimkumbusha desturi ya mwanamke wa Kiafrika kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Jumba halikujengwa, na mwaka 2004 Wangari alipewa Nishani ya Nobel ya Amani. Lakini msomaji akitafuta katika dhihaka zile neno moja lililoijibu hoja ya bustani, hatalipata. Ni kaniki ile ile.

Kitu gani basi ambacho ni kipya? Kipya ni kwamba Siti aliweza kujibu na jawabu lake likafika. Aliyemkejeli na aliyekejeliwa walikaa katika mji mmoja, wakatumia lugha moja na desturi moja ya kujibizana. Walioisikia kejeli ndio walioisikia jawabu. Ndivyo ilivyokuwa pia katika malumbano ya washairi, mathalani yale yaliyojaza kurasa za magazeti tangu siku za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Mshairi aliyemshambulia mwenziwe aliweka jina lake chini ya shairi, au lakabu ambayo wasomaji waliizoea. Naye aliyeshambuliwa alijibu katika ukurasa ule ule, mara nyingi kwa vina vile vile. Utungo wenyewe ulikuwa adabu. Mtu hawezi kutukana ovyo ilhali yuatafuta mizani minane, na akitafuta mizani hupata nafasi ya kufikiri. Uhuru wa kusema ulikuwapo, tena ulikuwa mkali, lakini mwenye kusema alikuwa na uso.

Mtandao umeivunja desturi hiyo kwa namna mbili. Kwanza, mwenye kusema hana lazima ya kuwa na jina, na mwenye kulipitisha neno la mwingine hujihesabu kuwa hakusema kitu. Pili, neno na jawabu lake havisafiri kwa mwendo mmoja. Mwaka 2018 wachunguzi watatu wa Chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kufuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa katika Twitter na watu wapatao milioni 3, tangu 2006 hadi 2017. Waliona kuwa habari ya uongo ilikuwa na nafasi ya kusambazwa iliyozidi ile ya habari ya kweli kwa asilimia 70, na kwamba waliofanya hivyo zaidi ni binadamu, wala si mitambo inayojiendesha. Uongo huonekana mpya, na watu hupenda kuwa wa kwanza kuleta jipya. Lau Siti angeishi leo, kejeli yake ingefika Muscat na Toronto kabla hajapata kuoga, na wimbo wake wa kujibu ungesikiwa na wale tu waliokuwa wakimpenda tangu mwanzo.

Tena silaha yenyewe imenolewa. Mwaka 2019 kampuni moja ya uchunguzi, Deeptrace, ilihesabu katika intaneti video 14,678 zilizobuniwa kwa mitambo ya akili bandia, zenye kumvika mtu uso wa mtu mwingine. Wengi walitazamia kuwa zingekuwa za kuwasingizia wanasiasa hotuba wasizotoa. Asilimia 96 zilikuwa picha za uchi na uasherati, na walioumizwa nazo walikuwa wanawake. Mwandishi wa habari wa India, Rana Ayyub, alitengenezewa video ya namna hiyo mwaka 2018, naye baadaye alieleza kuwa tangu siku ile hujizuia kusema mengi ambayo zamani angeyasema. Na UNESCO ilipowauliza waandishi wa habari wa nchi nyingi, katika taarifa iliyotolewa mwaka 2021, asilimia 73 ya wanawake waliojibu walisema wamepata kushambuliwa mtandaoni kwa sababu ya kazi yao.

Ungamo hilo la Rana Ayyub ndilo linalogusa kiini cha shauri hili. Kwa kawaida suala huwekwa hivi: upande mmoja uhuru wa kusema, upande wa pili heshima ya wanawake; na msomaji hutakiwa achague ni kipi kipunguzwe ili kingine kipate nafasi. Kuliweka suala hivyo ni kulikosea. Mwanamke aliyenyamazishwa kwa picha ya uongo amepokonywa uhuru wa kusema, na hapana askari wala hakimu aliyempokonya. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 yampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Haikusema kuwa ni kila mtu aliye tayari kuvuliwa nguo mbele ya ukoo wake. Kwa hiyo mizani ina uhuru wa kusema katika pande zote mbili, na lililobaki ni kuuliza ni uhuru wa nani unaohesabiwa.

Wengine, wakiisha kuona hayo, hukimbilia sheria. Hapo ndipo wimbo mwingine wa Siti unapopasa kusikilizwa. Katika Kijiti alisimulia habari ya mwanamke mgeni aliyenajisiwa na kuuawa Unguja. Kwa jinsi wimbo usimuliavyo, muuaji alivuka bahari akaenda zake bara, na wanawake waliosimama mahakamani kueleza yaliyotokea ndio waliotiwa hatiani. Hukumu ya mahakama ilikuwa habari rasmi. Wimbo ulikuwa, kwa macho ya serikali ya siku zile, maneno ya mitaani tu. Lakini watu walioushika wimbo huo miaka na miaka walijua ni ipi kati ya habari mbili hizo iliyokuwa uzushi. Mwenye kutaka serikali ipewe mamlaka ya kuamua lipi ni kweli na aukumbuke wimbo huo kabla ya kutia sahihi.

Afrika ya Mashariki imekwisha kuyajaribu mamlaka hayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa mwenye kutangaza habari za uongo au za kupotosha kwa nia mbaya. Uganda nayo ilikuwa na sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta tangu mwaka 2011. Kwa sheria hiyo ya Uganda alihukumiwa, mwezi wa Agosti 2019, mwanamke msomi, Dakta Stella Nyanzi, kifungo cha miezi 18, kwa sababu ya shairi aliloliweka katika Facebook mwaka 2018 juu ya siku ya kuzaliwa kwa Rais Museveni. Mahakama Kuu ilimfungua Februari 2020, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikakifuta kifungu cha 25 cha sheria hiyo, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi.

Shairi hilo lingefaa kuhakikiwa na wahakiki kabla ya kuhakikiwa na mahakimu. Waliolisifu walisifu ujasiri, na ujasiri ulikuwamo; kumtukana mkubwa kwa lugha chafu ni namna ya upinzani yenye historia ndefu, na mtunzi mwenyewe alijua historia hiyo. Waliolilaani walilaani matusi. Wote wawili walipitiwa na jambo moja: ili kumpiga mwanamume mwenye mamlaka, shairi lilipita katika mwili wa mama yake mzazi. Mwanamke ambaye hakutunga sheria wala kushika bunduki alifanywa uwanja wa vita. Kumfunga mtunzi ilikuwa dhuluma; alichostahili ni mhakiki wa kumwambia kuwa hata yeye, aliye mpigania haki za wanawake, aliiokota silaha pale pale walipoiacha waliomcheka Siti. Mahakama haikuweza kumwambia hivyo, kwa kuwa mahakama hujua kufunga na kufungua tu.

Kati ya kunyamaza na kufunga watu, iko njia ambayo kampuni zenyewe zimeigusa, ijapokuwa kwa kusitasita. WhatsApp, kuanzia Januari 2019, ilizuia ujumbe kupitishwa kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja, na Aprili 2020 ikauzuia ule uliokwisha kupitishwa mara nyingi usiende ila kwa mmoja. Hapana neno lililokatazwa hapo, wala hapana mtu aliyeulizwa kama asema kweli. Kilichopunguzwa ni mbio. Anayetaka kumtukana jirani yake amebaki na kinywa chake. Alichopungukiwa ni farasi wa kukipandisha. Wanaolia kuwa hiyo nayo ni kuziba midomo hawana budi kueleza ni lini uhuru wa kusema ulipokuwa haki ya kubebwa na mtambo wa mwingine hata miisho ya dunia, tena bure. Malumbano ya magazetini hayakuwa na haki hiyo, na hapana mshairi aliyelalamika kuwa gazeti lingine litatoka wiki ijayo.

Ila njia hiyo haifiki mbali, maana yahusu mwendo wa neno, na kejeli ya kaniki ilienea kwa miguu. Yanayobaki ni kazi ya wale wanaosoma: kuuliza, kila kejeli ipitapo, imeijibu hoja gani. Na kazi hiyo inakuwa ngumu kwa sababu ambayo wahakiki hawajaizingatia vya kutosha. Malumbano ya zamani yamebaki. Mwanafunzi aweza kuyafungua magazeti ya miaka ile akaona nani alisema nini, nani alijibu, na nani alishindwa; kejeli ya Siti imedumu kwa kuwa jawabu lake limedumu. Kashfa za leo hazina maktaba. Hupita usiku katika makundi ya simu, aliyezianzisha huzifuta, kundi hubadilishwa jina, na baada ya wiki mbili mwalimu anayetaka kuziweka mbele ya darasa hana matini ya kuonyesha. Mtu pekee aliye na nakala zake zote ni mwanamke mwenyewe, kwa maana kila jamaa yake alimpelekea moja ili amwulize kama ni kweli.